Ndizi za Shangazi Nahulu

Wiki iliyopita, msomaji wangu, tulimwacha Chifu Kauhiwai amepiga goti kwenye mawe meusi ya pwani ya Kona, mkono wake uko juu ya majani yaliyofunika shimo la kuokea, na pua yake inamwambia jambo ambalo moyo wake hautaki kulisikia. Najua mmenilaumu. Mama mmoja kanisimamisha njiani akaniambia sina adabu, kuwaacha watu wazima wakinusa shimo wiki nzima. Basi leo sitawachelewesha.

Kauhiwai aliyafunua majani.

Juu ya mawe ya moto kulikuwa na ubavu wa nguruwe. Pembeni yake, umelala kwa amani kabisa, ulikuwa mguu wa mbwa.

Nguruwe ni nyama ya wanaume. Mbwa yule alichinjwa kwa ajili ya wanawake. Kila nyama ina shimo lake na moto wake, na tangu enzi za mababu aliyezichanganya hakuishi kusimulia. Mfalme mpya ndiye aliyeufuta mwiko huo, siku alipokaa mkeka mmoja na wanawake akala nao mbele ya watu. Kauhiwai alichukua silaha kwa ajili ya hilo tu. Sasa mwiko ule ule ulikuwa umevunjwa jikoni kwake.

"Nani kapika?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu wote walimjua. Opunui, kaka yake Haliaka mke wa chifu, alisogea mbele, tumbo limemtangulia kama kawaida yake na mikono imejaa majivu.

"Mimi, shemeji."

"Umechimba mashimo mangapi?"

"Nichimbe? Kwenye mawe haya?" Opunui aliitazama ile nyika nyeusi iliyomwagwa na volkeno kuanzia mlimani hadi baharini. "Shemeji, hapa huwezi kuchimba hata kaburi. Shimo nimelikuta hili moja. Kuni nimepata mzigo mmoja. Watu walikuwa na njaa, wanawake nao wamebeba baruti tangu jana hawajatia kitu tumboni. Nikasema nitatenganisha kwa majani. Niliweka majani mengi sana. Yakaungua."

"Yakaungua."

"Mafuta ya mbwa hayana subira, shemeji."

Mtu mmoja huko nyuma alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Watu walipisha njia, akaingia kuhani Kuaiwa. Mzee mkavu, mgongo umenyooka, ameshika mti mrefu wenye kichwa cha mungu wa vita, mwenye manyoya mekundu na kinywa kilichojaa meno ya mbwa. Hakuinama kutazama shimoni. Harufu ilimtosha.

"Sheria inajulikana," alisema. "Afe sasa hivi. Asipokufa yeye, tutakufa sisi."

"Kuhani wangu," Opunui alisema kwa upole, "kabla hujaninyonga nikukumbushe jambo dogo. Alfajiri nilikuletea fungu lako kutoka shimo hili. Ukala. Kisha ukaniita nikuongeze."



Mnaona mambo yalivyokuwa. Kila mwanamume aliyesimama pale alikuwa amekula alfajiri ile. Kuhani alikula. Chifu mwenyewe alikula, akajifuta mdomo, akasema nyama imeiva vizuri. Jeshi zima lililoapa kufa kwa ajili ya mwiko lilikuwa limeshauvunja likashiba.

Kauhiwai alisimama akaweka mkono tumboni. Alikuwa anasubiri. Alingoja tumbo limkate, macho yaingie giza, mbingu ifanye chochote. Tumbo lake lilikuwa shwari, tena lilikuwa na nguvu za nyama nzuri. Na hapo, msomaji, ndipo hofu ilipomshika mtu huyu ambaye hakuwahi kuogopa mkuki. Aliogopa kwa sababu hakuna kilichotokea.

Mrusha mikuki mmoja, mtu mzima aliyempigania baba yake chifu, aliulaza mkuki wake chini.

"Kama miungu imetuona, tumekwisha," alisema. "Kama haikutuona, tunapigania nini?"

Aligeuka akaanza kupanda mlima kwenda kwao. Mwingine alimfuata. Kisha wakaondoka kundi zima, bila haraka, kama watu wanaotoka msibani. Hakuna aliyewazuia, na waliobaki hawakuwatazama usoni.

"Umeona?" Kuaiwa alisema. "Damu ya huyu tu ndiyo itakayowarudisha."

Haliaka alijitokeza kati ya wanawake. Alikuwa mwanamke mrefu, nguo yake ya gome la mti ameikaza kiunoni, kibuyu cha baruti kinaning'inia begani.

"Ukimuua kaka yangu," alimwambia mumewe, "nani atakayejua kuijaza bunduki yetu kubwa? Kuhani?"

"Haliaka, usiingie hapa."

"Nimeshaingia. Nimelala hapa, juu ya mawe haya. Mgongo wangu unajua nimeingia."

Kauhiwai alilichukua rungu lake. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria haikuwa na shemeji. Opunui aliona, akapiga magoti mwenyewe, akajifuta majivu mikononi taratibu kwa sababu hakutaka kufa mchafu. Rungu lilipanda.

Baragumu likalia kutoka ufukweni.

*

Msomaji, usinishukuru. Aliyekuja hakuleta heri.

Kwenye njia ya mawe walikuwa wanapanda wanaume wenye nguvu wamebeba machela, na juu ya machela alikaa mwanamke mnene, mwenye mvi, ameshika tawi bichi juu. Tawi bichi ni amani. Nyuma yake bahari ilikuwa imejaa mitumbwi ya mfalme, na kwenye mtumbwi pacha, miwili iliyounganishwa, mkubwa kuliko yote, ulifungwa mzinga ulionunuliwa kwa wazungu, mdomo wake unatazama mlimani.

Alikuwa Nahulu, dada wa baba yake Kauhiwai, aliyemnyonyesha na kumlea. Sasa alikuwa upande wa mfalme.

"Niteremsheni hapo," aliwaambia wachukuzi. "Msinitupe, mimi si gunia la majimbi."

Walimtandikia mkeka. Alikaa, akahema, akamtazama Opunui aliyekuwa bado amepiga magoti, kisha rungu, kisha shimo.

"Nimewakuta mnakula?"

"Shangazi," alisema Kauhiwai, akashusha rungu. "Umefikaje?"

"Nimebebwa. Magoti yangu yalishasusa. Mbona umekonda hivyo? Huyo wa manyoya hakulishi?"

Kuaiwa alikaza mkono kwenye mti wake. Nahulu hakumjali. Alivuta kikapu mbele, akaondoa kitambaa. Ndani kulikuwa na chane ya ndizi mbivu, za manjano, zimeiva mpaka zina madoa.

Wanaume walirudi nyuma. Mwanamke kushika ndizi ilikuwa kifo, na huyu alikuja nazo mapajani.

"Mfalme anasema hivi," Nahulu alianza. "Chukua moja. Mpe mkeo nusu, wewe ule nusu, hapa mbele yangu. Basi. Ardhi yako inabaki yako, watu wako wanarudi kwao, hata mungu wako kaa naye, mfunike tu asiliwe na mende. Nikishuka nimeliinua tawi hili, wale kule wanafungua mzinga wanakwenda kuvua samaki. Nikilivunja, wanawasha."

"Na nikikataa?"

"Mwanangu, kahesabu bunduki zao. Kisha kahesabu zako, ukitoa ile isiyowaka. Nilipokuwa napanda nimewaona watu wako kule mlimani wanarudi kwao. Mimi sikuja kukutisha, nimekuja kukuchukua."

Alimenya ndizi akaila. Aliila bila haraka, kama mtu aliye kwake, na wanaume wenye makovu ya vita walimtazama wameshika pumzi. Alipomaliza alilikunja ganda akaliweka kwenye mkeka.

"Haya, ningojeeni nianguke." Alingoja nao. Upepo ulipita. "Hamna? Basi nile nyingine."

Haliaka alikuwa anaitazama ndizi ile. Hakuwahi kuigusa maishani mwake. Kauhiwai aliyaona macho ya mkewe, na kwa muda mfupi, msomaji wangu, nakuapia kila kitu kilikuwa kinawezekana. Mkono wake uliacha rungu. Alichuchumaa mbele ya kikapu. Opunui alianza kuomba kimoyomoyo, hata hajui anamwomba nani.

"Shangazi," chifu alisema. "Kapua alikula moja."

Nahulu aliacha kutafuna.

Wageni wa hadithi hii niwaambie kwa kifupi, wazoefu wanivumilie. Kapua alikuwa binti pekee wa Nahulu, amenyonya titi moja na Kauhiwai. Alikuwa bado anang'oka meno ya utoto alipokutwa na ganda la ndizi mkononi. Makuhani walimchukua hadi kwenye miamba wakamzamisha. Kuaiwa, wakati huo kuhani kijana, ndiye aliyemshika miguu.

"Najua alikula moja," alisema Nahulu. "Unadhani mimi nakula hizi kwa nini? Hata sizipendi, zinanijaza gesi. Mwanangu alikula moja akauawa. Mimi ninakula chane nzima na jua linanimulika tu. Kila ninayokula naila kwa ajili yake."

"Na mimi napigana kwa ajili yake."

"Kwa ajili yake vipi?"

"Kama sheria ni ya kweli, aliitwa na miungu. Kama ni bure, alikufa kwa nini?"

"Bure," Nahulu alisema. "Alikufa bure, Kauhiwai. Mimi nalala na neno hilo tangu siku ile. Lala nalo na wewe. Halizoeleki, lakini asubuhi unaamka."

Kauhiwai alitikisa kichwa.

"Kuna kitu kimoja sijawahi kukijua," shangazi aliendelea, sauti yake imeshuka. "Ndizi zilikuwa ndani ya nyumba ya kulia ya wanaume. Mtoto wa kike hakanyagi pale. Nimewauliza wote, mpaka wapishi. Aliitoa wapi?"

Angeweza kudanganya, msomaji. Waliokuwa wanajua walikufa, na aliyebaki alikuwa amenyamaza kwenye mti wake wa manyoya. Angesema sijui, akala nusu ya ndizi, na hadithi yangu ingeishia hapa na sote tungekwenda kulala.

"Mimi nilimpa."

Nahulu aliirudisha ndizi kikapuni.

"Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamishwa kwenda kula na wanaume," Kauhiwai alisema, macho chini. "Kila jioni alilia mlangoni kwamba nimemwacha. Akataka kujua tunakula nini mle ndani. Nikamwibia moja. Tulikaa nyuma ya ukuta, akala, akacheka, akasema ni kama kula nywele tamu. Kisha akatoka na ganda. Kuaiwa akanijia, akaniuliza, umeona nini, mtoto? Nikasema, Kapua amekula ndizi. Sikusema kingine chochote."

Watu wote walimgeukia kuhani. Kuaiwa alikuwa anatazama bahari.

Nahulu alipangusa mikono yake, mmoja, kisha mwingine. Uso wake ulikuwa umezeeka palepale alipokaa.

"Kumbe," alisema. "Na mimi nilidhani unapigania mungu."

"Ninampigania, Shangazi."

"Hapana. Unataka watu hawa wote wafe hapa juu ili wewe uwe hukumuua."

Aliwaashiria wachukuzi. Walimnyanyua. Kikapu kilibaki kwenye mkeka, mchukuzi mmoja akainama kukichukua.

"Kiache," alisema Nahulu. "Nilimletea mwanangu. Simwoni."

Hiyo ndiyo kauli ya mwisho aliyomwambia mtoto aliyemlea. Mimi huwa najiuliza kama angemwambia neno jingine. Lakini mwanamke yule alikuwa amefiwa mara ya pili juu ya mkeka ule, na aliyefiwa hachagui maneno.

*

Hakuna aliyesogea. Opunui, aliyesahauliwa na hukumu yake, alijikokota hadi ukingoni mwa mawe akatazama chini.

"Bado ameliinua," alisema. "Anapita kwenye minazi. Bado ameliinua, shemeji."

Kauhiwai hakutazama.

"Amefika mchangani. Wanamteremsha. Wakubwa wa mfalme wamemzunguka." Opunui alikinga macho kwa mkono. "Analitazama tawi. Analitazama tu."

"Niambie akifanya jambo."

"Amelivunja."

Haliaka alifumba macho. Wanawake wengine walianza kugawa baruti bila kuambiwa, kila mmoja anajua sehemu yake. Kule baharini watu wadogo walikuwa wanakimbia huku na huku kwenye mtumbwi wa mzinga.

"Opunui," alisema chifu, "kachukue bunduki yako."

"Na hukumu?" aliuliza Kuaiwa.

"Jioni."

"Jioni hatutakuwepo."

"Basi itakuwa imeshatekelezwa."

Opunui alicheka, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akaenda kuijaza bunduki yake. Lakini wapiganaji hawakucheka. Walimtazama chifu, wakamtazama kuhani, nao kuhani aliyaelewa vizuri macho yale. Aliupandisha mti wake ili wote wauone.

"Mungu huyu hakai kwenye jeshi lisilo na sheria," alisema. "Nikiondoka naye, mtapigana mkiwa peke yenu."

Kauhiwai alivaa joho lake la manyoya ya njano, ambalo mkewe alimfungia shingoni kila mara. Safari hii Haliaka hakuja kulifunga. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa Nahulu, kikapu mbele yake.

"Haliaka, inuka. Wanakuja."

"Nawaona," alijibu. "Mume wangu, mimi nitakufa leo nikiwa ubavuni kwako. Hilo nililikubali tangu tulipotoka nyumbani, na silirudii. Sikuja hapa kwa ajili ya mwiko. Nimekufuata wewe."

"Najua."

"Basi acha kunitazama hivyo. Yule mtoto alisema ni kama kula nywele tamu. Sitaki kufa bila kujua kama ni kweli."

Alimenya ndizi. Alikata kipande kwa meno, akatafuna, na uso wake wenye vumbi la baruti ukafanya kitu ambacho Kauhiwai hakuwa amekiona tangu nyuma ya ule ukuta. Alicheka kidogo, mdomo umejaa.

"Kweli," alisema. Akamnyooshea mumewe nusu iliyobaki.

Mzinga ulipiga. Jiwe lilipasuka juu yao, vipande vikamiminika, mtu akaanguka akilia. Wapiganaji waliinama, kisha wakainuka, na walipoinuka waliliona lile lililokuwa mkononi mwa Haliaka.

Kuaiwa alikuwa ameliona kabla yao. Alitembea polepole katikati ya moshi mpaka mbele ya chifu, kivuli cha yule mungu wa manyoya kikiwafunika wote wawili. Alikuwa mzee sasa, sauti yake imekauka, lakini alilisema neno lile kwa mlio ule ule wa zamani, tena kwa upole, kama anayeongea na mtoto.

"Kauhiwai. Umeona nini?"

Jeshi lote lilisogea lisikie. Haliaka hakulificha ganda. Mzinga ulipiga mara nyingine, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Kauhiwai alifungua kinywa.